Rivyu ya Buitenschot, bustani ya matuta pembeni ya Schiphol, eapoti ya Amsterdam: inakula kelele kweli au ni pambo tu?

Nianze na hukumu ili asiye na muda aendelee na mambo yake. Kama sehemu ya kutembelea naipa nyota 4 kati ya 5. Kama dawa ya kelele za ndege naipa 3. Kama mfano wa eapoti na majirani zake kukaa chini mpaka wakatoka na kitu unachoweza kukikanyaga kwa miguu, naipa 5 na sijiulizi mara mbili. Ila ukiniuliza imemaliza ugomvi wa Schiphol na watu wanaoizunguka, jibu ni hapana, haijamaliza wala haikaribii, na hapo ndo penye maneno mengi.

Sasa kwa wasioijua. Buitenschot ni bustani ya wazi, bure kabisa, iko Uholanzi katikati ya mji wa Hoofddorp na uwanja wa Schiphol, upande wa kaskazini wa mji. Ukubwa wake kama hekta 33 hivi na ndani yake kuna matuta 150 ya udongo yameota majani, yamenyooka kwa rula, kila moja linamzidi mtu mzima urefu au linamkaribia. Ukiliangalia kwenye picha za setilaiti utadhani kuna mtu kaamua kulima viazi vitamu vya majitu. Ndugu zangu wakija kutoka Bongo wanategemea niwapeleke kwenye maua, na maua yale yana msimu wake na kiingilio chake, mi nawapeleka kwenye matuta. Wanadhani nawatania. Wakishafika wanaanza kupiga picha kuliko hata walivyopiga Amsterdam.

Lakini kazi yake ya kwanza haikuwa picha. Ilijengwa kwa ajili ya mvumo.

Schiphol iko kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ziwa kubwa la Haarlemmermeer, wakalikausha kwa pampu, wakamaliza mwaka 1852, kwa hiyo leo ndege zinatua chini ya usawa wa bahari kama mita 3 hivi. Ardhi yote ni bapa, hamna kilima, hamna bonde, ni mashamba na mitaro mpaka macho yanachoka. Mwaka 2003 wakafungua barabara ya sita ya kurukia, inaitwa Polderbaan, ina urefu wa mita 3,800. Waliiweka mbali makusudi ili ndege zipite juu ya watu wachache. Na mbali ni mbali kweli, mliowahi kuruka kutoka hapo mnajua, ndege inatembea chini dakika 15 au zaidi, inavuka mpaka juu ya barabara kuu ya magari, abiria mgeni anaanza kujiuliza kama Dar tunaenda kwa lami.

Utaratibu wa Polderbaan ni kwamba ndege zinaruka kuelekea kaskazini tu na zinatua zikitokea kaskazini tu. Kwa hiyo Hoofddorp, ambayo iko kusini yake, haipitiwi juu na ndege za barabara hiyo. Kwenye karatasi ilikuwa habari njema kwa watu wa Hoofddorp. Shida ni kwamba ndege ikijipanga kuruka kwenda kaskazini, mgongo wa injini unaangalia kusini. Rubani akikandamiza, ule muungurumo mzito unamwagika nyuma, unateleza juu ya mashamba yale bapa na kufika majumbani. Sio kelele ya kupasua sikio. Ni mvumo, unausikia kifuani kabla ya masikioni, vyombo kabatini vinaitikia. Na sauti nzito ya namna ile vioo viwili viwili haviizuii vizuri, kwa hiyo mtu anafunga dirisha na bado anaisikia, tena anaisikia zaidi kwa sababu zile kelele nyingine nyepesi dirisha limeshazitoa, imebaki yenyewe tu.

Mzee mmoja jirani yangu, Mholanzi mstaafu, aliwahi kunielezea miaka ile ya mwanzo ilivyokuwa. Anasema kitu kilichowauma zaidi ilikuwa kuambiwa kwamba ramani za kelele zinaonyesha mtaa wao uko sawa. Na hapa naomba niwachoshe kidogo na ufundi kwa sababu ndo kiini cha ugomvi wa kelele kwenye eapoti nyingi duniani. Kelele za ndege kwa kawaida zinapimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli A, ambacho kimetengenezwa kufuata sikio la binadamu, na sikio la binadamu ni zito kwenye sauti za chini sana. Kwa hiyo mlio mzito wa hezi 31 hivi, yaani mitetemo 31 kwa sekunde, kipimo hicho kinaukata karibu desibeli 39 kabla hata hakijaandika namba. Mtu kitanda kinamtetemeka, karatasi inasema pametulia. Wote wawili hawadanganyi lakini hawaongelei kitu kimoja. Kama umewahi kubishana na mtu wa ofisi mwenye namba mkononi unajua inavyokera.

Alafu ikatokea ile ya mwaka 2008. Schiphol walikuwa wamewaita TNO, taasisi ya utafiti ya Uholanzi, waangalie mvumo unatokana na nini na ufanywe nini. Kipindi hicho hicho, mwisho wa mavuno, wakulima wakalima mashamba yaliyo kati ya barabara ya kurukia na mji, kama wanavyolima kila mwaka. Watu wakagundua mvumo umepungua. Trekta tu limepita, udongo umekuwa na mistari ya matuta na mifereji, na mji umepata nafuu. Watafiti wakaanza kuuliza, kama matuta madogo ya trekta yanafanya hivi, je yakiwa makubwa?

Hapo kwa upande wangu ndo pa kuwapa maua yao. Kuna ofisi ambazo ungeenda kuwaambia "tangu walime kumetulia" wangekucheka mpaka mlangoni. Hawa wakaenda kupima.

Maelezo ya kwa nini inafanya kazi ni mepesi ukiyasikia. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mlio mzito wa hezi 31 hivi, wimbi lake moja lina urefu wa mita 11. Ukuta wa kawaida wa kelele, ule tunaouona pembeni ya barabara kuu, kwa wimbi refu namna hiyo ni kituko tu, linajikunja juu yake na kuendelea na safari. Lakini ukiweka matuta mengi yaliyopangana, kila moja limeachana na mwenzake kama mita 11, wimbi linalotambaa juu ya ardhi linagonga, linavunjika vunjika na sehemu yake inarushwa juu angani badala ya kuendelea mbele kwenda majumbani. Ndo maana matuta ni mengi na ndo maana yamepangwa kwa vipimo, hayakumwagwa tu. Yalichongwa na mashine za kuchimba zilizokuwa zinaongozwa kwa GPS, na ukisimama kwenye ncha moja ukaangalia mstari wote unaelewa kwa nini, jembe la mkono lisingetoa mstari ule.

Na wakafanya kitu ambacho serikali nyingi wasingekifanya: badala ya kumpa kazi mhandisi peke yake wakamwita msanii, Paul de Kort, akaibuni pamoja na wataalamu wa mandhari wa H+N+S. Ikafunguliwa mwaka 2013. Msanii alikuwa amevutiwa na Ernst Chladni, mwanafizikia wa Kijerumani wa karne ya 18 aliyekuwa anamwaga mchanga juu ya bati, anapitisha upinde wa fidla pembeni ya lile bati, mchanga unajipanga wenyewe kuonyesha sauti inavyotetema. Kwa hiyo bustani nzima ni somo la sauti lakini hamna anayekufundisha kwa nguvu.

Haya tuje kwenye kutembea kwenyewe. Kati ya matuta kuna njia za miguu na za baiskeli, kuna na sehemu ndogo ndogo za kupumzika zimefichwa humo katikati. Watoto wanapenda sana kwa sababu kila tuta ni la kupanda na kushuka kwa makalio, na kwa kujificha hamna sehemu nzuri kama hii, mpaka inakuwa tatizo, mwanangu alipotea kati ya mistari nikawa naita jina kama mnada. Kama una mtoto mdogo mvalishe nguo ya rangi kali. Nasema kweli.

Kuna dishi kubwa wanaliita Sikio la Kusikiliza, limejikunja, ukisimama katikati yake sauti za mbali zinakusanyika kukujia. Ndege ikiwa inaruka na wewe uko mle ndani unapata ile kelele yenyewe kwa wingi, ni kama bustani inakwambia hiki ndo tumekukinga nacho. Wageni wangu wote wanapenda hapa. Bibi mmoja aliyekuja kumsalimia mjukuu wake alikaa mle akasema "kumbe hawa wenzetu wanateseka hivi na wana pesa?" Nikamwambia bibi, ndege haichagui.

Alafu kuna bwawa wanaloliita la Chladni, lina umbo la almasi, lina daraja juu na chini ya daraja kuna mtambo unaouchezesha mwenyewe kutengeneza mawimbi kwenye maji. Watoto watakung'ang'ania hapa kuliko popote, njoo na nguo za kubadilisha.

Mapungufu ya matembezi. Upepo. Ardhi bapa ya Haarlemmermeer haina kizuizi, upepo wa bahari unakuja kama umetumwa, hata mwezi wa sita njoo na jaketi. Udongo wake ni mfinyanzi wa chini ya maji ya zamani, mvua ikinyesha usipande matuta na raba nyeupe, utarudi umebeba nusu ya bustani. Kivuli usikitegemee sana. Chakula beba chako, choo mmalizane nacho kabla ya kuondoka nyumbani, mi ndo ninavyofanya. Na kama unapenda bustani ya kwenda kupumzisha kichwa, ya ndege wa kuimba na utulivu, hii sio yake. Uko karibu na moja ya eapoti kubwa za Ulaya, utasikia ndege, hamna namna.

Kufika ni rahisi kwa baiskeli kutokea Hoofddorp. Basi namba 300, lile linalounganisha Haarlem, Hoofddorp, Schiphol na Bijlmer, linakusogeza, alafu unamalizia kwa miguu au baiskeli. Nimeulizwa na watu wanaopita tu kuunganisha ndege kama wanaweza kuchungulia: ukiwa na visa ya Schengen na masaa ya kutosha inawezekana, ukiwa huna visa bakia ndani na uangalie picha.

Siku ya kwenda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ndege zinaruka kukabili upepo. Kwa hiyo upepo ukitoka kaskazini, Polderbaan inatumika kurukia, injini zinaangalia bustani, na hapo ndo utaelewa kila kitu. Upepo ukitoka kusini au kusini magharibi, ambao ndo wa kawaida zaidi Uholanzi, Polderbaan inatumika kwa ndege kutua, na utaona bustani nzuri ya kijani bila kujua ilijengwa kwa nini. Watu wanaoandika kwamba "mbona pametulia, kelele zenyewe ziko wapi" naamini wengi walienda siku ya upepo wa kusini. LVNL, hao ndo waongozaji wa ndege wa Uholanzi, wanaonyesha kwenye tovuti yao barabara ipi inatumika muda huo, angalia kabla hujatoka.

Sasa swali kubwa, inafanya kazi?

Lengo lililowekwa kwa Hoofddorp kaskazini lilikuwa kushusha mvumo kwa desibeli 10. Kwa asiyezoea hizi namba, kushuka 10 ni sawa na sikio kusema kelele imekuwa nusu. Kushuka 3 kitaalamu ni nguvu ya sauti imekatwa nusu lakini sikio linaona mabadiliko madogo tu. Matuta peke yake yanachukua sehemu ya hizo 10, hayazibebi zote, na anayekwambia bustani imefuta kelele anakuuzia kitu. Mi kwa sikio langu, nikisimama kwenye bonde kati ya matuta siku ya upepo wa kaskazini alafu nikapanda juu ya tuta, tofauti naisikia waziwazi. Ila nakuwa mkweli, hicho kipimo changu hakina maana kubwa, ukijificha nyuma ya udongo popote utasikia kidogo. Faida yenyewe inatakiwa ionekane kwenye nyumba zilizo mbali nyuma, na huko upepo, joto la hewa na hata umande vinabadilisha sauti siku kwa siku. Na wale wanaokuja na programu ya simu ya kupima desibeli wakaandika namba, maikrofoni ya simu ni dhaifu kwenye sauti nzito za chini, unapima kila kitu isipokuwa kile ulichokuja kupima.

Yule mzee jirani anasema kwake nafuu ipo, haijaisha. Siku za upepo wa kaskazini bado anasikia. Jirani wa upande wa pili anasema ni ile ile tu. Nyumba ni zile zile mbili zinazopakana. Hivyo ndivyo kelele ilivyo.

Kinachonifanya nikate nyota ni mambo ambayo bustani haiyagusi kabisa. Matuta yanavunja sauti inayotambaa ardhini. Ndege ikishakuwa angani juu ya paa lako, tuta halina habari nayo. Watu wa Assendelft, Castricum na Uitgeest huko kaskazini wanaopokea ndege za Polderbaan, watu wa Aalsmeer, watu wa Zwanenburg, watu wa Buitenveldert ndani ya Amsterdam, hao hawana tuta la kuwasaidia. Wao dawa zao ni nyingine: njia za ndege zibadilishwe, usiku upunguzwe, ndege zenye kelele zilipishwe zaidi kutua, nyumba zizibwe sauti, au ndege zipungue basi.

Na hewa. Hapa ndo watu wengi wa kwetu wanasahau, tunaongelea kelele tu. Injini za ndege zinatoa chembechembe laini sana, ndogo kiasi kwamba unazivuta na huzioni, zinabebwa na upepo kilomita kadhaa. RIVM, taasisi ya afya ya umma ya Uholanzi, walichunguza maeneo ya kuzunguka Schiphol miaka kadhaa na mwaka 2022 wakatoa hitimisho kwamba kuna dalili za madhara kwenye moyo na mishipa ya damu na kwa watoto walioko tumboni. Kabla ya hapo walishaonyesha watoto wenye matatizo ya kupumua wanalalamika zaidi siku ambazo chembe hizo ni nyingi. Udongo wote wa Buitenschot haupunguzi hata chembe moja ya hizo. Wale wafanyakazi wanaopakia mizigo chini ya ndege, na Waafrika tupo humo, ndo wanaozivuta kwa karibu zaidi.

Kwenye hilo kuna jaribio moja nililipenda, mwaka 2020 walijaribu gari la kuvuta ndege mpaka kwenye barabara ya kurukia huku injini za ndege zikiwa zimezimwa, linaitwa Taxibot. Kwa Polderbaan ambayo ni mwendo mrefu vile, mafuta na moshi unaookolewa sio mdogo. Lakini jaribio ni jaribio, mpaka niione ni kawaida ya kila siku ndo nitaiandikia rivyu yake.

Tuongelee na huduma nyingine zinazozunguka bustani maana bustani ni kipande tu cha mpango. Kuna ofisi inaitwa BAS, iliundwa na Schiphol na LVNL kwa ajili ya majirani. Unapiga simu au unaandika, unasema saa ngapi na wapi, wanakueleza ndege ipi ilipita na kwa nini ilipita hapo, na malalamiko yanahesabiwa na kutolewa kwenye ripoti. Naipenda kwa sababu inakupa maelezo. Ila usiende ukitegemea kwamba ukilalamika ndege ya kesho itapita kwingine, haina mamlaka hayo, na watu wengi wanaikasirikia kwa sababu walidhani inayo. Kuna pia baraza la majadiliano, zamani liliitwa Omgevingsraad, siku hizi kuna Maatschappelijke Raad Schiphol, wawakilishi wa wakazi na wengine wanaishauri serikali. Ni vikao, vikao na tena vikao. Waholanzi wanapenda meza.

Na meza ina mwisho wake. Mwaka 2022 serikali ilitangaza inataka safari za ndege zipungue kutoka 500,000 kwa mwaka mpaka 440,000. Mashirika ya ndege yakaenda mahakamani, Tume ya Ulaya ikauliza maswali, Marekani nayo ikalalamika, na namba ikapanda taratibu mpaka ikawa inaongelewa 478,000. Upande wa pili, wakazi waliochoka kukaa mezani walikwenda mahakamani na wao, na Machi 2024 mahakama ya The Hague ikasema serikali imeshindwa kuwalinda watu na kelele za Schiphol, kwamba kwa miaka imetanguliza biashara ya ndege na haki za wakazi zikaja baadaye. Ushirikiano uliojenga matuta uliweza kusogeza udongo, kwenye hesabu ya ndege ukagoma. Kusogeza udongo hakumpunguzii mtu mapato.

Jingine ni muda. Barabara imefunguliwa 2003, bustani imefunguliwa 2013. Miaka 10 katikati. Mtoto aliyezaliwa Hoofddorp kaskazini mwaka ule mvumo ulipoanza alikuwa darasa la nne hivi ndo matuta yanazinduliwa. Nikisoma makala za kusifia "ubunifu wa Kiholanzi" sioni mtu anaitaja hiyo miaka 10, wanaruka kutoka kwenye trekta mpaka kwenye picha nzuri ya juu.

Nimeulizwa na jamaa wa Dar kama kitu hiki kingefaa kwetu. Mi nimekulia upande wa Kipawa, najua ndege ikipita mwalimu ananyamaza na chaki mkononi, ikishapita anaendelea na sentensi. Kwa pale matuta hayatasaidia kitu. Kwanza nafasi, nyumba zimebanana na uwanja, watu wa Kipawa na Kipunguni wanajua habari ya kupisha upanuzi na fidia ilivyosubiriwa. Pili kelele inayosumbua pale ni ya ndege iliyo juu ya kichwa, inatua au inapaa. Vivyo hivyo kwa wenzetu wa Nairobi wanaokaa Lang'ata na Nairobi West jirani na Wilson, zile ndege ndogo siku nzima, tuta la nini? Matuta ni dawa ya ugonjwa mmoja: mvumo wa nyuma ya ndege inayoanza kuruka, ardhi bapa, na watu walio kilomita 2 au 3 nyuma yake. Nje ya hapo ni bustani tu. Cha kuomba kwetu kingekuwa kile kilichotangulia matuta, mtu wa kupima kwa kipimo kinachosikia kile tunachokisikia, na namba ya simu ambayo mtu anapokea.

Mwisho kwa watakaoenda. Ukimaliza Buitenschot endesha baiskeli upande wa Vijfhuizen mpaka sehemu ya kuangalia ndege pembeni ya Polderbaan, wapenzi wa ndege wanakaa pale na kamera zao ndefu, na ukibahatika utaiona ya Kilimanjaro na Dar ikipita mbele yako, wageni wangu huwa wanaipungia mkono kama inawaona. Darubini ukiwa nayo beba. Drone iache nyumbani kabisa, kule kote ni ndani ya anga ya Schiphol, imekatazwa na hawatanii.